Pazia Ndani ya Kompyuta

Serikali iliingia saluni kwangu mwaka wa tisini na tisa, na iliingia kwa sababu ya simu. Pale Kawangware, kituo cha 56, wenye simu ya waya tulikuwa tunahesabika. Mfuko wa Afya ya Raia ulikuwa umefungua tovuti ili mwananchi ajiandikishe mwenyewe kwa kompyuta, bila foleni na bila kufokewa na karani. Wananchi hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo Mfuko ukaamua kutuletea moja. Kompyuta nayo ilitaka simu, kwa hiyo wakaisimika katikati ya draya zangu mbili, zile kofia kubwa za kukaushia nywele. Draya ikiwaka, kompyuta inazimika. Kompyuta ikiwaka, wateja wangu wanakaa na rola kichwani wakitazamana.

Hayo ningeyavumilia, lakini mashine haikuja peke yake. Ilikuja na maofisa wawili waliotumwa kuiboresha tovuti. Mmoja alikuwa Bwana Gichuru, mwenye tai na cheo. Wa pili alikuwa Mercyline, msichana wa Kibera aliyesomea mambo ya kompyuta mjini. Kazi yao ilikuwa kukaa nyuma ya mwananchi na kumtazama akishindwa. Sisemi hivyo kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Bwana Gichuru alinieleza hivyo mwenyewe, akiwa amejikalia kiti changu cha wateja.

"Mama Kevin, sisi hatusaidii mtu," aliniambia. "Tukisaidia, hatutajua shida iko wapi. Mtu ajaribu, akwame, na akikwama aseme kwa sauti chenye anafikiria. Hapo ndio tunajua ya kurekebisha."

"Na yule amekwama?"

"Huyo ametusaidia sana."

Basi watu wakaja, wakakwama, wakasema walichofikiria. Urbanus wa buchari alisema anafikiria kama alifunga friji. Mulei, fundi wa viatu, alisema anafikiria kuitia hiyo mashine ngumi, na Mercyline akamwomba arudie polepole. Lakini wote walilalamikia jambo moja: ukikaa kidogo bila kubonyeza kitu, tovuti inakutupa nje na kukuanzisha upya, majina yote, vijiji vyote. Bwana Gichuru alisikiliza kwa makini, akapiga simu makao makuu, na kesho yake tovuti ikawa ya kijani. Awali ilikuwa ya samawati. Watu walipolalamika tena, wakaongeza picha ya ua. Walipolalamika mara ya tatu, Bwana Gichuru alipunguza majibu ya kuchagua, akisema majibu mengi yanamchosha mtumiaji.

Nekoye alitukuta katika hali hiyo alipomleta mama yake. Nekoye alikuwa mteja wangu wa kusuka, mke wa Khamala, fundi wa vitanda anayeishi Makina kule Kibera. Mama yake alikuwa ametoka Bungoma akiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipofika Nairobi bado alikuwa akitofautisha mlango na ukuta. Siku aliyoletwa kwangu alimsalimia draya.

Kulikuwa na daktari mgeni wa macho katika hospitali moja mjini, mtu wa kuja na kwenda, na angeondoka Ijumaa jioni. Angempasua mama bila matatizo, mradi awe na kadi ya Mfuko. Akikosa, basi, maana hakuna aliyejua mgeni yule angerudi lini, na macho yasingemngoja. Kwa bahati nzuri Khamala alikuwa ameajiriwa kwenye karakana na alikatwa mchango kila mwezi, na Mfuko ulimruhusu mchangiaji kumwongeza mzee mmoja anayemtegemea. Kitu kimoja tu kilihitajika. Kwa kuwa watu walikuwa wameandikisha hadi marehemu, ilibidi mchangiaji na mtegemezi wake wapigwe picha pamoja kwa kamera, kile kijicho kilichokaa juu ya kompyuta. Nyuso mbili, picha moja.

"Si umwite mzee wako basi," nilimwambia Nekoye.

"Ako hapo nje."

Nilichungulia. Khamala alikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la hadwea, ametupa mgongo na anatazama masinki ya choo kama mtu anayetaka kuoa mojawapo.

Hapo nikaelewa. Mimi ni Mkamba, na sisi pia tuna haya zetu za mkwe, kwa hiyo sikucheka. Nilicheka baadaye, nyumbani. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hawaangaliani usoni, hawasalimiani kwa mkono, hawakai mahali pamoja. Mama akimwona mkwewe kwa mbali anajifunika leso na kukata kona. Khamala akimwona mama mkwe anaingia hata kwenye mtaro. Mama huyu hangeweza kulala chini ya paa la mkwewe, kwa hiyo alikuwa amepangishiwa kitanda kwa mama mmoja wa kanisa hapa Kawangware, na Khamala alitembea kutoka Makina, akapita Ayany, akaja kwa njia ndefu ili wasikutane. Wala hawakuchukiana. Kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe, na waliitunza vizuri kuliko wengi wanavyotunza ndoa.

Bwana Gichuru alielezwa mambo hayo yote.

"Hii ni serikali, si harusi," alisema. "Wakae tu sekunde moja."

"Ata nusu haiwezekani," alisema Nekoye. "Mayi wangu atakataa, na bwanangu atazimia."

Mercyline alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ni Mluhya kama wao, alijua kila kitu, lakini kazi ilimkataza kusaidia.

Nikaleta leso yangu, tukaifunga katikati ya viti viwili. Mama akaketi huku, Khamala akaingizwa kinyumenyume akaketi kule. Kijicho kikapiga. Picha ikapanda kwenye waya wa simu, ikilia kama paka aliyebanwa mlangoni, na huko makao makuu kukawa na mtu wa kuitazama. Jibu likarudi kwenye skrini: Picha imekataliwa, wahusika wametenganishwa na nguo.

Tukawaketisha mgongo kwa mgongo. Picha imekataliwa, mmoja hana uso. Tukambadilisha huyu akatazama kamera, yule akatazama ukuta. Picha imekataliwa, sasa ni yule mwingine. Mwishowe nikamwingiza mama ndani ya draya na kuishusha mpaka puani, ili angalau mdomo na kidevu vionekane. Jibu lilichelewa kuliko yote, na lilipokuja lilisema: Picha imekataliwa, mtegemezi ni mashine.

Kesho yake tukarudia, siku ikapita hivyo hivyo. Nekoye alikuwa amechoka kukimbia kati ya mama na mume akibeba maneno. Wateja wangu walikuwa wamehamia kwa Ndunge, jirani yangu mwenye mdomo na draya inayowaka. Mtu mmoja tu ndiye aliyefurahi, naye ni Bwana Gichuru.

"Hii ndio tulikuwa tunatafuta!" alisema akijisugua mikono. "Shida halisi ya mtumiaji halisi. Wacha nipige simu."

Alipiga, na siwezi kumnyima sifa zake: safari hii walimsikia. Asubuhi ya Jumatano tovuti ilikuwa na swali jipya: Je, mtegemezi ni mama mkwe wako? Khamala, peke yake mbele ya kompyuta, alibonyeza Ndiyo. Hapo likateremka pazia. Pazia jekundu lililochorwa na mikunjo yake yote na vishada vya dhahabu, likashuka kutoka juu ya skrini hadi chini, polepole. Lilipendeza kabisa. Lilifunika pia kitufe cha kuendelea.

Tulingoja lipande. Halikupanda. Baada ya muda tovuti ikamtupa Khamala nje.

"Sema unachofikiria," alisema Bwana Gichuru.

Mimi nilisema nilichofikiria, na sitakirudia hapa kwa sababu mimi ni mwanamke wa kanisa.

Ni Mercyline aliyevunja sheria. Alijifanya anaokota kitu chini ya meza, akanong'ona, "Bonyeza pale kwa kona, kwa kishada cha kulia. Button iko nyuma yake." Khamala akabonyeza, na kweli, tovuti ikakubali kuwapiga picha mmojammoja. Mama akapigwa, Khamala akapigwa, makao makuu wakakubali. Nilitaka kuruka.

Lakini sheria ilidai mtegemezi awepo mpaka mwisho, kwa hiyo tulimkalisha mama nyuma ya shuka lililoning'inizwa kwenye kamba yangu ya taulo, hatua chache kutoka kwa mkwewe. Kila mmoja alisikia hata pumzi ya mwenzake. Tovuti ikauliza: Kwa nini unataka kumwandikisha mtu huyu? Eleza kwa maneno yasiyopungua hamsini.

Khamala akakwama. Kumsema mama mkwe mbele yake, akiwa pale pale anasikia! Jasho likamtoka.

"Tafadhali, sema unachofikiria," alisema Bwana Gichuru. "Usimwambie mtu. Ambia kompyuta."

Khamala akaigeukia ile mashine. Kisha akaanza, sauti ya chini, macho yake kwenye lile ua la kijani.

"Nafikiria ile mwaka nilikatwa mkono na msumeno. Nilikuwa nimelala Makina, sina kazi, bibi ako na mimba. Kuna mtu aliuza ng'ombe yake ya maziwa huko nyumbani. Hiyo pesa ilinifikia na hakuna mtu aliniambia imetoka wapi, lakini nilijua. Sijawahi kusema asante. Ningesema aje? Siwezi kumwambia kitu. Nikienda huko anajificha kwa mahindi, mimi najificha kwa choo. Nafikiria nimemwambia asante mara nyingi sana nikiwa kwa hiyo choo."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Na mimi nafikiria."

"Mama, zamu yako bado," alisema Bwana Gichuru.

"Nafikiria ile ng'ombe ilikuwa inapiga watu teke," aliendelea mama, akielekeza uso wake upande wa dirisha. "Hakuna hasara nilipata. Na nafikiria kuna mtu anakohoa kwa sababu ya vumbi ya mbao. Hafungi kitambaa kwa pua. Bibi yake anamwambia, hasikii. Mimi nikiwa na macho ningemshonea moja."

"Nafikiria huyo mtu atafunga," alisema Khamala.

"Nafikiria tutaona."

Nekoye alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nililia, na nilikasirika kwamba ninalia mbele ya mtu mwenye tai. Tangu Khamala aoe, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Waliiambia kompyuta. Kompyuta nayo, kwa kuwa hakuna aliyebonyeza kitu muda wote huo, ikawatupa nje.

Wakaanza upya, jina, kijiji, pazia, kishada, picha. Safari hii Khamala aliandika maneno yake hamsini harakaharaka, bila ng'ombe, ikapita. Likaja swali la mwisho: Mtegemezi ni nani wako? Chagua moja. Chini yake kulikuwa na majibu matatu. Mke. Mume. Mtoto.

"Hakuna mzee hapa," alisema Khamala.

Bwana Gichuru alikohoa. "Ilikuwako. Nilitoa ile wiki ya kupunguza majibu. Nilikaa hapa siku nyingi, hakuna mtu aliichagua."

"Si urudishe!" nilimpigia kelele.

"Nitaomba. Wiki ijayo kuna mkutano."

Wiki ijayo daktari angekuwa kwao. Nekoye akaanza kulia waziwazi. Bwana Gichuru, mtu wa kutaka mambo yasonge, akasema, "Chagua yoyote tu. Weka Mke, ni mtu mzima."

Urbanus, aliyekuwa ameingia kuomba chenji, alirudi nyuma akatoka. Nyuma ya shuka mama alisimama.

"Nekoye," alisema, "nishike mkono unirudishe nyumbani. Nimeona vya kutosha maishani. Afadhali giza."

Alikuwa akimaanisha. Alianza kutembea, akaingia kwenye ndoo yangu ya maji ya kuoshea nywele, akatoa mguu, akaendelea. Khamala aligeuza uso ukutani asimwone, akapapasa meza kwa mkono mmoja akiitafuta ile panya ya kompyuta, akabonyeza. Nilichungulia juu ya bega lake. Alikuwa amechagua Mtoto.

"Mwambie mama yako," alimwambia Nekoye akiwa bado ametazama ukuta, "nimemwandika mtoto. Hiyo si matusi. Mtoto hana makosa."

Tovuti ilimpokea bibi wa miaka sitini na zaidi kama mtoto wa kijana wa thelathini na kitu, haikushtuka hata kidogo. Ikampongeza Khamala kwa kupata mtoto. Kadi ikatoka kwenye mashine yao ya kuchapa ikiwa bado ina joto, na lile ua pembeni.

Hospitali nilikwenda nao kesho yake. Saluni haikuwa na wateja, na baada ya yale yote nisingekubali kusimuliwa mwisho. Muuguzi wa mapokezi aliichukua kadi, akaisoma, akaita kwa sauti ya kupasua ukuta: "Mtoto wa Khamala!"

Mama akasimama.

Muuguzi alimtazama, akaitazama kadi, akamtazama tena. Mtu anapokinzana na kadi ya serikali, kadi ndiyo husema kweli. Akampeleka wodi ya watoto, kwenye kitanda kifupi, ukuta umechorwa bata. Magoti ya mama yalitokeza nje ya kitanda. Jirani yake alikuwa mtoto wa miaka minne aliyempa nusu ya biskuti yake.

"Na mzazi?" aliuliza muuguzi. "Mtoto hapasuliwi bila mzazi. Akae ndani, amshike mkono asishtuke, na awe hapo tukifungua bandeji. Ndiyo sheria ya wodi."

"Nitakaa mimi," alisema Nekoye.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Hapana. Yeye ndiye mama yangu."

"Dada, umechoka, enda ukae. Hapa imeandikwa baba ni Khamala."

Khamala alikuwa nyuma ya nguzo. Nekoye alimwendea, akamrudia mama, akamwendea tena. Niliwahurumia wote watatu kwa moyo wangu wote, na niliichukia ile kadi na ua lake. Mama alikaa juu ya kile kitanda, miguu ikining'inia, akifikiri. Hatimaye aliuliza daktari anaondoka saa ngapi. Alipoambiwa, akavuta pumzi.

"Sasa hivi simwoni," alisema. "Aje kama sijamwona. Lakini avae kitu kwa mkono."

Khamala alivaa glavu za hospitali, mbili juu ya mkono mmoja, akaingia akiwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama akanyoosha mkono hewani. Khamala akaupokea kama mtu anayepokea yai. Mlango ukafungwa.

Usiku ule alilala sakafuni nje ya wodi, kwa kuwa mzazi hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Ijumaa asubuhi akavaa glavu upya, akaingia, safari hii na sisi pia. Daktari mgeni alikuwa na haraka, begi lake liko mlangoni. Mama alikaa wima, kichwa kimefungwa, mkono wake ndani ya mkono wa Khamala. Nilijua alichokuwa akifikiria Khamala, maana na mimi nilifikiria hilo hilo: kama ilikuwa bure? Kama walivunja haya yao yote na bado akabaki gizani?

Bandeji ikafunguliwa. Mama akapepesa macho yaliyojaa machozi. Akatazama dirisha. Akatazama ukuta. Daktari akamwonyesha vidole na kumwuliza ni vingapi, kwa lugha yake, na mama hakumjibu wala hakumtazama. Nekoye akanishika mkono mpaka ukauma. Kisha mama akageuza kichwa polepole, akiufuata mkono ule wenye glavu, kutoka vidoleni hadi kiwikoni, kutoka kiwikoni hadi begani, hadi usoni.

Akapiga ukelele. Akauchomoa mkono wake, akavuta shuka lililochapwa bata mpaka juu ya kichwa, akageukia ukuta akajikunja, magoti kifuani, hata kucha haikuonekana.

"Jamani, ana maumivu!" alisema muuguzi. "Daktari! Mtoto ana maumivu!"

Lakini Khamala alikuwa amesharuka, amejibanza nyuma ya kabati la dawa, amejifunika uso kwa zile glavu, na kutoka kule nyuma tulimsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ameniona!" alikuwa akipiga kelele. "Nekoye, ameniona!"